Msiguse Sakafu

Kama unasoma haya ukiwa kwenye benchi la kliniki ya kifua, umeshika bahasha ya picha na hujui daktari ataiangalia kwa uso gani, basi sogea kidogo nami nikae. Benchi hilo nalijua. Najua linavyochosha mgongo, na najua macho yanavyomwandama kila anayetoka mlangoni ili kumsoma usoni kabla hajafika kwa ndugu zake. Sitakufundisha udaktari, maana siujui. Nitakusimulia yaliyonipata mimi na nyumba yangu, kwa sababu tuliugua wakati mmoja, na tulichelewa kurudiana.

Watu huniita Mama Keza. Nilizaliwa Karagwe, upande wa Tanzania, kwa wazazi waliokimbilia huko, nikarudi Rwanda nikiwa mtu mzima na vyeti vya ualimu mkononi. Kiswahili changu ni cha shule za kule, na hapa Nyakabanda, mtaa wa Kigali, hakijawahi kulala njaa, kwa sababu jirani yangu wa ukuta mmoja ni Mama Sumaya. Huyu ni fundi cherehani, Mwislamu, babu yake mzaa baba alikuja na biashara ya nguo kutoka pwani akaoa hapa. Kwao Kiswahili ndicho walichoamkia. Mimi na yeye hatukuwa watu wa kupigiana simu. Nikimtaka nasimama uani nampigia ukelele juu ya ukuta, "Mama Sumayaaa!" Cherehani inanyamaza, naye anaitika, "Abeee!" Kisha tunaulizana chumvi, tunaulizana habari za watoto, tunamsema mwenye duka. Mume wangu, Baba Keza, ni mtu wa sauti ya chini, na kila mara alikuwa akisema, "Sasa mtaa mzima umeshajua tunakula nini."

Nyumba yetu ni ya zamani. Tuliinunua kwa warithi wa mtu mmoja aliyekuwa mkubwa wa ofisi enzi hizo. Sebuleni kuna sakafu ya vipande vya mraba, vigumu, vya aina ya plastiki, kimoja chekundu, kimoja cheupe, vimebandikwa kwa gundi nyeusi kama lami. Majirani wote walishaweka vigae vya kung'aa vya dukani. Mimi nikakataa. Kila Ijumaa nilipiga magoti na kitambaa na polishi nikaipaka ile sakafu mpaka unaiona taa ndani yake. Na hakuna aliyeingia kwangu na viatu, awe nani. Mchungaji wetu aliwahi kuvua akakutwa na soksi iliyotoboka, akakaa ibada nzima ya nyumbani amekunja kidole gumba, maskini ya Mungu. Mimi niliona, na sikumruhusu avae viatu.

Masika ilipoanza nikapata kikohozi kikavu. Sikukijali. Kigali ikinyesha nani hakohoi? Baadaye ikaja homa ya jioni, kisha jasho la kulowesha mto, kisha maumivu ubavuni kila nilipovuta pumzi, kama kuna mtu ananishonea ndani. Sketi zikaanza kunishuka kiunoni. Wenzangu kanisani wakanisifu, "Mama Keza, umepungua vizuri, unafanya mazoezi?" Na mimi mjinga nikatabasamu.

Asubuhi moja nikasimama uani kumwita Mama Sumaya aniletee limau. Nikafungua mdomo. Sauti haikutoka. Kilichotoka ni upepo tu, na upepo wenyewe haukufika hata kwenye ukuta. Nikashika kamba ya nguo nikasubiri dunia itulie. Muda si mrefu nikasikia ndala zake mlangoni.

"Sijasikia kelele yako tangu jana," akasema. "Mtaa iko kimya, nikaogopa." Aliponiona alivyoniona alinikimbilia. Alinifunga kitenge mgongoni, akaita pikipiki, kisha akaona kuwa haifai, akaita gari.

Picha ilionyesha upande wangu wa kulia wote umekuwa mweupe. Daktari alikuwa binti mdogo aliyesuka nywele, umri wa Keza wangu, akanieleza kwa utulivu kwamba ni maji, yamejaa kati ya pafu na ubavu. Wakanikalisha nimeegemea meza, wakapitisha mrija mgongoni. Maji yalitoka ya rangi ya chai ya rangi, na mimi nikayatazama yakijaa chupa nikawaza, haya yote nilikuwa nayabeba wapi? Wakachukua na kipande kidogo cha utando wa ndani kikapelekwa maabara. "Inaweza kuwa TB," daktari akasema. "Inaweza kuwa kitu kingine." Hicho kitu kingine hakukitaja, na mimi sikumuuliza. Sote wawili tulikuwa tunakijua jina.

Ndipo yalipoanza maswali. Nimefanya kazi gani? Nimewahi kufanya kazi kiwandani, migodini, kwenye ujenzi? Paa la nyumba ni la asbesto?

Hilo la mwisho kila mtu wa Kigali analielewa. Tumeona mapaa yale ya kijivu yakishushwa na watu waliovaa mavazi meupe kuanzia kichwani hadi miguuni, na tumeambiwa vumbi lake likiingia kifuani haliondoki. Nikajibu kwa fahari kwamba paa langu ni la bati.

"Na sakafu?"

Hapo nilimshangaa. Lakini ukiniuliza habari za sakafu yangu, hata kama sina pumzi, nitakueleza. Nikamsimulia vipande, rangi zake, polishi, ile gundi nyeusi. Akaacha kuandika.

"Mama, sikutishi," akasema. "Ugonjwa wako huenda hauhusiani kabisa na sakafu. Lakini sakafu za zamani za namna hiyo nyingine zina asbesto, kwenye vipande vyenyewe au kwenye gundi. Ikiwa imetulia, haijavunjika, haina neno. Tatizo linaanza mtu akiivunja, akiisugua kwa msasa au akiitoboa. Waambie nyumbani wasiiguse mpaka mtaalamu aiangalie."

Nikampigia Baba Keza saa hiyo hiyo. Nilisema sentensi vipande vipande, nikipumzika kila maneno mawili. "Sakafu. Isiguswe. Isivunjwe. Isisuguliwe."

"Sawa."

"Umesikia?"

"Nimesikia, Mama Keza. Nani ataigusa? Mimi mwenyewe nakanyaga kwa woga."

Kwenye kitanda cha pembeni yangu kulikuwa na mama mmoja Mkongomani, Mama Beni, muuza ndagala, yaani dagaa, wa stendi ya Nyabugogo, amelazwa kwa moyo. Nasema moyo ndio ulikuwa mbovu. Mapafu yake yalikuwa mapya kabisa. Alizoea kushindana na makondakta na wabeba mizigo, na pale wodini alikuwa akimwita muuguzi akiwa kitandani, muuguzi anasikia akiwa ghorofa nyingine. Mwanzoni alinikera. Namwambia kila mtu sasa kwamba Mungu ndiye aliyempangia kitanda kile.

Ikafika Jumamosi ya mwisho wa mwezi, siku ya umuganda, nchi nzima inatoka na majembe na mafagio kufanya kazi ya pamoja. Yaliyotokea huko nilisimuliwa baadaye. Watu wa isibo yetu, yaani zile nyumba chache zinazokaa chini ya kiongozi mmoja, walizibua mtaro, kisha wakakaa kwenye mkutano kama kawaida. Mazungumzo yakafika kwenye habari zangu: Mama Keza yuko hospitali, kifua, anakaribia kutolewa. Mama Sumaya akasimama.

"Mimi nimeingia ile nyumba miaka yote," akasema. "Ile sakafu iko mzee, chini yake iko vumbi na ukungu. Ndiyo inamla kifua. Majembe tunayo, watu tuko hapa. Tuitoe leo, fundi amwage simenti, Mama Keza akirudi akute nyumba mpya."

Wakapiga makofi. Kiongozi wa isibo akamgeukia mume wangu. Watu wote wakamgeukia mume wangu.

Inabidi umjue mume wangu. Ni mtu mwema, na katika maisha yake hajawahi kukataa kitu mbele ya watu. Kwenye harusi ya mpwa wake walimwambia aimbe, akaimba, na hajui kuimba. Sasa jirani zake wamesimama na matope miguuni, wanataka kumsaidia mkewe mgonjwa, bure, kwa moyo mmoja. Utawajibuje hapana? Hapa kwetu kukataa msaada wa namna hiyo hadharani ni kama kuwamwagia watu maji. Akasema, "Murakoze cyane," asanteni sana, akatoa ufunguo. Aliniambia alikusudia kumvuta Mama Sumaya pembeni amnong'oneze. Lakini kundi likaondoka kwa nyimbo, na hapakupatikana pembeni.

Mimi nilikuwa kitandani nimeegemea mito, simu ikalia kwa video. Mama Sumaya. Uso umejaa kicheko, ushungi una unga mweupe.

"Mama Keza! Angalia sapraizi yako!"

Akageuza simu. Nikaiona sebule yangu. Makochi yametolewa nje. Watu wameinama, majembe yanapanda na kushuka, vipande vyangu vyekundu na vyeupe vinaruka vipande vipande, na mwanga wa dirishani umejaa vumbi. Kona nzima ya upande wa dirisha ilishakuwa wazi, nyeusi.

Roho iliniruka. Nikafungua mdomo nipige kelele, ile kelele yangu ya uani. Haikuja. "Msi..." nikasema. "Msi..." Kikohozi kikanishika. Mama Sumaya akadhani nalia kwa furaha. "Usilie mama yangu, bado kidogo tu tunamaliza!" Na nyuma yake pah, pah, pah. Sijawahi kujiona mdogo vile. Nyumba yangu, mume wangu, marafiki zangu wote wanavuta lile vumbi kwa sababu yangu, na mimi sina pumzi ya neno moja.

Nikamgeukia Mama Beni. Nikamwonyesha simu, nikamnong'oneza, "Asbesto. Waambie. Watoke."

Akainyakua simu. Sikiliza, wagonjwa wa moyo hukatazwa kupandisha sauti.

"MUACHE!" akanguruma. "Muache iyo kazi! Mama anasema mutoke inje bote! Iko asbesto, munasikia? Asbesto!"

Majembe yakasimama. Mwanamume mmoja akasema, "Lakini asbesto iko kwa paa, mama."

"Na chini iko! Mutoke, mufunge mulango!"

Muuguzi alikuja mbio akidhani kuna aliyekufa. Nyuma yake akaja daktari wangu, akaipokea simu, na kwa ile sauti yake tulivu akawapa maelekezo. Waache vifaa vyote palepale. Wasifagie. Wafunge madirisha na mlango. Nguo wasizikung'ute hata kidogo. Wazilowanishe kwa maji wakiwa bado wamezivaa, wazivue, wazifunge ndani ya mfuko, waoge mwili na nywele. "Hatujui kama ni asbesto," akasema. "Lakini mpaka tujue, tunafanya kana kwamba ndiyo."

Kabla simu haijakatika nilimwona tena Mama Sumaya. Alikuwa ameshika ushungi wake kwa vidole viwili, mbali na mwili, hajui auweke wapi.

Kesho yake Baba Keza alikuja saa ya kuangalia wagonjwa, amevaa shati la kuazima.

"Nilikwambia," nikasema.

"Uliniambia."

"Sasa?"

Akatazama viatu vyake. "Mama Keza, walikuwa wengi."

Leo hiyo sentensi inanichekesha mpaka machozi. Siku ile nilimgeuzia mgongo. Nilimkasirikia kwa hasira ya mgonjwa, ambayo ni mbaya kuliko hasira nyingine kwa sababu haina pa kwenda. Alikaa mpaka kengele ikalia, akaniwekea parachichi kwenye kabati, akaenda. Parachichi nikampa Mama Beni.

Majibu ya utando yakaja: TB. Daktari akasema si saratani, ni TB ya ngozi ya pafu, inatibika, na haikuletwa na sakafu. Nikalia kwa sauti. Mama Beni akainuka kitandani. "Sasa unalilia nini?"

"Ni TB!"

"Na unafurahi?"

"Nafurahi sana."

Akatikisa kichwa. "Banyarwanda," akasema, akalala.

Nyumbani sikuweza kurudi. Sebule ilikuwa imefungwa kwa plastiki na utepe wa gundi, na Baba Keza amehamia kile chumba cha nyuma uani chenye mlango wake, analinda nyumba asiyoweza kuingia. Mimi nikapelekwa Niboye, upande mwingine wa mji, kwa binti yangu Keza, anayepanga vyumba viwili karibu na soko.

Wewe unayeanza dawa, nikwambie mambo ambayo mimi hakuna aliyenikalisha chini akaniambia. Mkojo utakuwa mwekundu wa chungwa. Siku ya kwanza nilidhani nakufa, kumbe ni vidonge. Kichefuchefu kitakuja, kisha kitachoka. Njaa itarudi ghafla, na itarudi na kitu cha ajabu. Mimi ilirudi na uji wa mtama, nikawa nakunywa birika zima halafu nauliza kama kuna kingine. Na utakuwa mgumu kuishi naye. Nilimpangia Keza vyombo vyake, nikamkosoa anavyodeki, nikamuuliza kila jioni ametoka wapi. Siku moja akaweka ufagio chini akasema kwa upole, "Mama, nakupenda. Hapa ni kwangu." Nikaenda chumbani nikanuna. Baadaye akaniletea chai, tukainywa pamoja, na nikajua kwamba nilichokuwa nakililia si vyombo vyake. Nilikuwa nataka kwangu.

Kila Jumapili Baba Keza alifika kwa pikipiki na maparachichi. Masika ikaisha, vumbi la kiangazi likaanza, vidonge vikapunguzwa, nikaanza kupanda ngazi bila kusimama katikati. Jumapili moja Keza, aliyekuwa amepita Nyakabanda, akanisimulia kwamba fundi mmoja alisimama langoni na mashine ya kusaga sakafu, mbele ya kiongozi wa isibo na majirani, akasema, "Mzee, mnangoja nini? Nakusugulia hiyo gundi yote asubuhi moja, mambo yanaisha."

"Baba yako akasema nini?" nikauliza, moyo juu.

"Alisema hapana."

"Mbele ya watu?"

"Mbele ya watu. Akarudia mara mbili. Halafu akaingia chumbani kwake kule uani, akajifungia."

Jumapili iliyofuata parachichi lake nililila mwenyewe.

Wale wataalamu wa asbesto walichukua muda kufika, kwa sababu wana mapaa ya mji mzima. Walipokuja walinyunyiza maji kwanza, maji yenye sabuni, kila kitu kilowe, ndipo wakachukua kipande cha kupima. Tukangoja. Niliona ajabu: miezi michache nyuma kipande changu kilikuwa maabara, sasa ni kipande cha sakafu yangu. Jibu likaja kwa simu: ipo. Kwenye vipande, na kwenye gundi.

Walivyofanya ni hivi, nawe uweke akilini kama una nyumba ya zamani. Vilivyovunjika walivitoa vikiwa vimelowa, wakavifunga kwenye mifuko minene, mfuko ndani ya mfuko, wakaondoka navyo kwenda vinakozikwa kwa ruhusa, havitupwi jalalani. Walipangusa kwa vitambaa vyenye maji, bila ufagio. Zulia na makochi ya nguo vikashughulikiwa nao pia, zulia likaondoka. Na ile sehemu kubwa iliyokuwa bado imara, hawakuing'oa. Waliiacha ilale. Juu yake ikatandikwa balatumu nene, lile zulia la plastiki, bila msumari hata mmoja. Mimi nilitaka kila kitu kitoke, nikabisha. Wakaniambia, "Mama, iliyotulia, iache itulie." Basi nikanyamaza. Wakati mwingine nanyamaza.

Lakini kulikuwa na mtu mmoja ambaye hakuniambia hata pole. Tangu ile Jumamosi Mama Sumaya hakunipigia simu. Nilimpigia, ikaita mpaka ikakata. Nikamtumia salamu kwa Baba Keza, akaniletea jibu kwamba amesikia. Amesikia! Nilikasirika. Avunje nyumba yangu, halafu aninunie mimi? Nilimpangia maneno. Nilikuwa nayasema bafuni, nayapamba, nayaongeza pilipili. Na nikimaliza nalia, kwa sababu huko Niboye hakuna ukuta ambao mtu yuko nyuma yake.

Mvua za vuli zilipoanza nikaenda kliniki kwa mara ya mwisho. Picha yangu ilikuwa safi, kovu dogo tu. Nikatoka kwa daktari natembea kwa madaha, na pale kwenye benchi, mwisho kabisa karibu na ukuta, nikaona ushungi wa kijani. Ameinama, ana bahasha kubwa mapajani ameifunika kwa mkoba, kama bahasha ya picha ya kifua inafichika.

"Mama Sumaya."

Akashtuka. Nikaenda kukaa, naye akajivuta. "Usikae karibu," akasema. "Nisikuongezee."

"Uniongezee nini?"

"Lile vumbi. Iko ndani yangu." Akajigusa kifuani. "Siku ile nililipiga jembe mimi kuliko wote. Nilikuwa naimba, Mama Keza, mdomo wazi. Watu wanasema inakaa, inakaa, halafu siku moja inakuua. Ushungi wangu nimechoma... hapana, sikuchoma, wamesema usichome, nimefunga kwa mfuko. Sijamwambia mtu. Na wewe, mgonjwa wa kifua, ningekujia na sura gani? Nilitaka urudi nyumba nzuri. Nikakutoa nyumbani kwako."

Yale maneno yote niliyoyapanga bafuni yakapotea, sijui yalikwenda wapi. Mwanamke huyu alikuwa akilala peke yake na hofu ileile niliyolala nayo mimi wodini, na mimi angalau nilikuwa na Mama Beni. Nikamshika mkono. Ulikuwa baridi. "Sogea," nikamwambia. "Benchi hili nalijua."

Tulingoja pamoja. Tuliingia pamoja. Yule daktari wetu akaitazama picha muda mrefu, kisha akasema haoni kitu. Mama Sumaya akauliza kama ana uhakika. Daktari hakumdanganya. Alisema picha ya leo haiwezi kusema habari za miaka mingi ijayo, na hakuna atakayemwambia hatari ni sifuri. Lakini vumbi la asubuhi moja hatari yake ni ndogo, ndogo sana kuliko ya watu waliofanya kazi ndani yake miaka na miaka. Asirudie tena, asivute sigara, na akiumwa kifua siku yoyote amwambie daktari habari ya ile sakafu.

"Kwa hiyo nitaishi?"

"Utaishi kama mimi na Mama Keza," daktari akasema. "Mungu akipenda."

Nje tulinunua chai na mandazi, akala manne. Nikamwambia narudi nyumbani wiki ile, aje. Tabasamu likamfutika usoni. "Kwako siingii tena," akasema. "Nitakusalimia barabarani, inatosha." Na akapanda basi lake. Nilimjua. Aibu yake ikishaingia ndani, hairuhusu mtu kuitoa kwa simu.

Nikarudi. Baba Keza alikuwa ameosha madirisha na kununua mazulia madogo mawili mabaya sana. Nikayasifu. Nikasimama katikati ya sebule juu ya balatumu ya kahawia, haing'ai, haina chekundu wala cheupe, na nikajua kwamba ile yangu iko chini pale imelala. Nikavuta pumzi mpaka chini kabisa, kule ambako ubavu ulikuwa unaniuma. Haukuuma.

Nikatoka uani. Mvua ilikuwa imekatika, na nyuma ya ukuta cherehani inakimbia. Nikashika kamba ya nguo, kwa mazoea tu.

"Mama Sumayaaa!"

Cherehani ikanyamaza.

Nikasikia maji yakidondoka kutoka kwenye bati, nikasikia pikipiki ikipanda mlima, na kwake kimya. Nikawaza, haya, basi, ndiyo imekwisha hivyo.

"...Abee."

Ndogo, lakini yake.

"Njoo ukanyage sakafu! Na usivue viatu!"

"Nisivue viatu? Wewe umepona kweli, au homa imerudi?"

Nyuma yangu, mlangoni, Baba Keza akasema taratibu, "Mtaa mzima umeshajua." Lango la jirani likalia, ndala zikaanza kuja. Nami nikavuta pumzi nyingine, nikamwita tena kwa nguvu zangu zote, ingawa alikuwa ameshanisikia.